Mchawi Ana Mchumba

 Msikilizaji, kama unanisikia ukiwa ndani ya lori pale Mpemba unasubiri kuvuka mpaka wa Tunduma, pole na foleni. Ulimwambia mkeo utarudi Jumatano, na leo Ijumaa. Sina dawa ya foleni mimi. Nilicho nacho ni kisa cha saluni, na ndani yake mna wachawi. Kama uko na watoto waache tu wasikilize, maana wachawi wenyewe wanavaa vizuri kuliko sisi.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kusuka, mtaa wa Majengo. Nilitaka rasta ndogondogo, na anayezijua rasta ndogondogo anajua kwamba hapo umeshaaga nyumbani: saa sita kwenye kiti, shingo umeikunja kama kuku anayesubiri kisu. Ningekuwa na haraka ningeomba twende kilioni, mistari michache ya kurudi nyuma, nusu saa nimeondoka. Lakini sikuwa na haraka, na baridi ya huku kwetu unaijua. Chumba chenye watu wanane na birika la chai kina joto kuliko sebule yangu.

Saluni za mji huu zinaishi kwa flashi. Unampelekea kijana wa duka la muvi flashi yako, anakutazama usoni, anakuuliza: "Mapenzi au mapigano?" Ukimjibu vyote, unatoka na misimu mitatu ya tamthilia mfukoni. Safari hii aliyejaziwa ni mama mwenye saluni, na alichorudi nacho ni tamthilia ya Waingereza iitwayo A Discovery of Witches. Kwao ilianza kuonyeshwa 2018 ikamalizika 2022. Imetokana na vitabu vya Deborah Harkness, Mmarekani anayefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Southern California. Cha kwanza kilitoka 2011.

Kuna dada anaitwa Diana Bishop, msomi, mchawi wa kuzaliwa ambaye hautaki uchawi wake. Anaagiza hati ya kale katika maktaba ya Bodleian pale Oxford. Hati hiyo ilishafungwa kwa uchawi na hakuna aliyeweza kuiona. Kwake inafunguka kama daftari la duka. Kuanzia hapo viumbe vyote vinamwandama, na wa mbele yao ni bwana mmoja mrefu, mweupe wa kutisha, Matthew, mwenye umri wa miaka elfu moja na mia tano na hana mvi hata moja.

Tafsiri haikuwapo. Sisi wa umri wangu tulilelewa na Lufufu, yule Derek Mukandala aliyekuwa akiweka sauti yake juu ya kanda za VHS mpaka Mchina akasikika kama mtu wa Manzese. Siku hizi madijei wa kutafsiri wako wengi, ila hii hawakuigusa, au kijana wa duka hakuwa nayo. Kwa hiyo kazi ikamwangukia binti anayejifunza kusuka, kamaliza kidato cha nne mwaka juzi. Anashika rasta kwa mkono huu, anatafsiri kwa mdomo, na anamtafsiria mtu mmoja hasa: bibi, mama mzazi wa mwenye saluni, aliyekuwa amekaa kigoda cha mlangoni panapoingia jua, sweta juu, khanga juu ya sweta.

"Bibi, huyu dada ni mchawi."

Bibi akaiinulia uso luninga. "Nani kasema?"

"Mwenyewe anajua. Ukoo mzima wachawi. Mama yake, na huyo hapo mama yake mdogo."

"Na hapo wako wapi?"

"Chuo kikuu, bibi. Ni mwalimu."

Bibi akatafakari kidogo. "Hajakimbizwa?"

Tulicheka sana. Nakuomba uliweke akilini swali hilo.

Halafu akatokea Matthew. Binti alisita, maana neno la shuleni lilikuwa tayari mdomoni lakini la kumpa bibi hakuwa nalo. "Huyu ni vampaya." Ndiyo nini? "Mnyonya damu, bibi." Hapo bibi akaikusanya khanga yake, akasema neno ambalo yule binti, nadhani, alikuwa hajalisikia tangu azaliwe:

"Mumiani!"

Msikilizaji, hapa nataka tukae kidogo. Neno mumiani limekuja pwani kutoka upande wa Uajemi, na mwanzo lilikuwa jina la dawa: kitu cheusi mfano wa lami, watu wakikitumia kwa mifupa iliyovunjika na majeraha. Kamusi ya Frederick Johnson ya 1939 inaieleza dawa hiyo, kisha inaongeza kwamba wengi waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa, na uvumi ukianza kwamba mumiani inatafutwa, watu mjini hawathubutu kutoka nje jua likishazama. Dawa ikageuka mtu. Na mtu huyo akapanda bara akibadili majina njiani. Nairobi na Kampala wakamwita mzimamoto, kwa sababu ya yale magari ya zimamoto. Huku bara kwetu, chinjachinja. Hapo ng'ambo ya mpaka, wakati Zambia ikiitwa Rhodesia ya Kaskazini, waliitwa banyama. Kongo, batumbula.

Mwanahistoria wa Marekani, Luise White, alizunguka akikusanya masimulizi hayo, akayatolea kitabu mwaka 2000. Ukiyasoma unaona jambo moja: mnyonya damu wa Afrika Mashariki ana ajira. Ana sare, ana gari, ana bwana mkubwa anayemtuma, mwisho wa mwezi analipwa. Hana haja ya meno marefu. Ana sindano, ana ndoo, ana shimo. Wala hana mpango na shingo ya msichana mmoja anayempenda. Yeye anachukua yeyote anayepita usiku, kwa sababu anahesabiwa ndoo. Waliotiliwa shaka miaka ile ya wakoloni walikuwa watu wa zimamoto, watu wa afya, mapadri, mabwana wanyamapori, waandikishaji wa vibarua wa mashamba ya mbali. Kila aliyefika kijijini na kazi isiyoeleweka, mwenye gari na karatasi.

Sasa tazama. Matthew wa kwenye tamthilia ni mwanasayansi. Ana maabara pale Oxford, anachunguza vinasaba, na kupima ni lazima achukue damu za watu. Binti alipofika hapo na tafsiri yake, "Bibi, anawatoa damu anakwenda kuipima," bibi hakushangaa hata kidogo.

"Ana gari?"

"Analo, bibi. Jeusi hilo."

"Anafanya kazi serikalini?"

Waingereza walitumia fedha nyingi kumfanya Matthew awe fumbo. Bibi wa Tunduma alimmaliza kwa maswali mawili.

Nacheka, lakini jambo lenyewe si la kuchekea tu. Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wa kilimo kutoka Arusha walifika kuchukua sampuli za udongo. Udongo tu. Ikavuma kwamba ni wanyonya damu. Watafiti wawili na dereva wao waliuawa, na moto ukatumika. Mwaka uliofuata Malawi, ambayo sisi wa Songwe tunatenganishwa nayo na mto tu pale Ileje, uvumi uleule ulishika wilaya za kusini, Mulanje na Phalombe. Watu kadhaa waliuawa na umati, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika maeneo hayo. Kwa hiyo neno alilolitoa bibi si la makumbusho. Binti wa kidato cha nne halijui, lakini likipigiwa yowe usiku kijiji kizima kinaliitikia.

Turudi saluni. Kulikuwa na mama mmoja wa Tanga, ameolewa huku na mtu wa malori, kichwa kimefungwa kitambaa akisubiri dawa ishike. Yeye mumiani aliikataa katakata.

"Huyo si mumiani. Mumiani hapendi mtu. Huyo ni jini mahaba."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Hazeeki. Ni tajiri na hujui mali yake imetoka wapi. Anajua unapokwenda kabla hujafika. Mwanamume mwingine akikusogelea anabadilika sura. Anakuja ukiwa umelala. Wale waliotazama ile filamu ya Twilight ya 2008 wakaitikia kwa pamoja, maana kijana wa mle, Edward, kazi yake ni kuingia chumbani kwa binti wa watu na kumtazama akilala, na watazamaji dunia nzima wakaona hayo ndiyo mapenzi. "Kwetu," mama wa Tanga akasema, "ukimwona huyo unatafutiwa mtu wa kukusomea. Huyo ndiye anayekufungia usiolewe."

Nilimpa haki yake palepale. Sisi mapenzi ya binadamu na asiye binadamu tunayo tangu zamani, na tofauti iko mwishoni: kwetu yanakuharibia ndoa, kwao ndiyo ndoa yenyewe. Hata sinema zetu ziliwahi kuligusa. Mussa Banzi, miaka ya mwanzo ya 2000, alitengeneza Shumileta, ya kiumbe wa kike asiye mtu anayempenda mwanamume mtu, na kabla yake Nsyuka, filamu ya kutisha ambayo jina lake halikutoka Ulaya wala pwani, limetoka kwa majirani zetu Wanyakyusa. Kwao abasyuka ni wafu, wale walioko upande wa pili. Waliozikwa Rungwe wakaibukia sinema ya Dar es Salaam.

Mnaouliza kwa nini basi kinamama hawakubadilisha flashi, jibu ni fupi: kikao cha wazee. Ndani ya hiyo tamthilia kuna baraza la viumbe, linakaa Venice, na sheria yake kubwa ni kwamba mchawi asipendane na mnyonya damu. Kila mtu aoe kwao. Ilipofika hapo hakuna aliyehitaji tafsiri. Mji huu umekatwa katikati na mpaka, Wanyamwanga wako huku na wako Nakonde, kila mmoja ana shangazi ng'ambo, na kila mmoja ana ndoa anayoijua iliyokwamishwa na wazee kwa sababu ya kabila, dini au mahari iliyotajwa kwa kwacha. Hawa ndio walewale wanaoijua Mpali ya Zambia na wake wote wa mzee Nguzu kwa majina na tabia. Uchawi uliwapita hivi. Walikuwa wanatazama kesi ya ndoa.

Kitu kimoja tu kiliwakera, nami kilinikera. Aliyekuwa akinisuka alisema hadithi hizi za Wazungu zina ubaguzi wa vyeo: wafu wote ni mabwana. Nikamwuliza ana maana gani. Akasema, tazama, huyu kafa zamani, kafufuka, ana kasri, ana mvinyo, ana mtumishi. Wa kwetu akifa akachukuliwa anakuwa nani?

Msukule.

Ni kweli kabisa, na sikuwahi kuliwaza hivyo. Mfu wetu anayetembea hapewi kasri. Anapewa jembe. Msukule, au ndondocha kama wanavyosema kusini, mmemzika mchana, usiku yuko shambani kwa mtu analima bila mshahara, anakula pumba, ulimi umekatwa asiseme. Nani huku kwetu hajasikia habari ya shamba kubwa ambalo halijawahi kuonekana kibarua, na kahawa inavunwa? Na tajiri mwenyewe watu wanampa shikamoo ya mbali. Ulaya mtu aliogopa bwana mwenye kasri asingekufa kamwe. Sisi tunaogopa kwamba hata tukifa kazi haitaisha.

Na ukiliona hilo, unaitazama upya ile nyingine, The Vampire Diaries, iliyoenda misimu minane tangu 2009 hadi 2017 na ambayo nusu ya saluni waliitazama wakiwa sekondari. Mle kuna binti mweusi mchawi, Bonnie Bennett, ameigizwa na Kat Graham, ambaye upande wa baba ana asili ya Liberia. Mhusika mkuu, Elena, anapendwa na ndugu wawili wanyonya damu, wanagombana juu yake misimu na misimu. Bonnie ndiye anayeitwa kila kitu kikiharibika: fungua hiki Bonnie, funga kile Bonnie, tufufulie fulani. Anavuja damu puani kwa kazi za watu. Anakufa kwa ajili yao. Anapata mpenzi mwishoni, na huyo naye anauawa. Msusi akasema, "Yule ndiye msukule wao." Sikuwa na la kuongeza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike mazungumzo haya. Ilikuwa imeshapita saa tisa, birika la pili. Katika tamthilia wakalitaja jina la bibi wa bibi yake Diana, nami kwa kiherehere changu cha kusoma nikaona niwaeleze. Nikasema, huyo si wa kutunga. Bridget Bishop alikuwa mtu kweli, mjini Salem, Marekani, mwanamke aliyeolewa mara tatu, akisemwa na majirani kwa miaka. Mwaka 1692 walimshitaki kwa uchawi, na tarehe 10 Juni wakamnyonga, wa kwanza kabisa. Kabla mwaka haujaisha walinyongwa kumi na tisa, na mwingine, mzee wa kiume, alikandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Mwandishi wa kitabu kamchukua huyo Bridget akamfanya nyanya wa kale wa ukoo wa Diana.

Binti alimtafsiria bibi, ingawa mimi nilikuwa nasema Kiswahili. Nadhani alizoea.

Bibi akakaa kimya muda. Halafu akasema, "Kwa hiyo bibi walimnyonga, mjukuu wakampa mchumba."

Hakuna aliyecheka. Tamthilia iliendelea, Matthew alikuwa akimfungulia Diana mlango wa gari.

"Baada ya miaka mingapi?" akauliza bibi.

Nikahesabu. Zaidi ya mia tatu.

"Basi mimi siwahi," akasema.

Yaliyofuata aliyasema bila kupandisha sauti, na nina ruhusa yake kuyasimulia mradi nisitaje kijiji. Aliishi bondeni, upande wa Momba. Mtoto wa jirani alifariki, na wa pili akaugua. Akaletwa mganga kutoka mbali, akapiga ile wanayoiita serikali ramli chonganishi, na ramli ikasimama mlangoni kwake. Ushahidi ulikuwa macho. Macho yake ni mekundu. Nami niliyaona pale mlangoni, mekundu ya moshi wa kuni na samadi, miaka sitini ya kupuliza jiko. Mwanawe wa kiume akamwambia, mama, usilale hapa leo. Aliondoka usiku kwa bodaboda, amekaa katikati ya dereva na begi, akaja Tunduma kwa binti yake mwenye saluni. Hajarudi, hata kaburi la mumewe halijui tena lilivyo.

Sheria tunayo. Sheria ya Uchawi iliandikwa na Waingereza 1928, na bado ipo vitabuni. Kumtaja mtu kuwa ni mchawi ni kosa, kujidai una nguvu hizo ni kosa, na mkuu wa wilaya amepewa uwezo wa kumhamisha anayetuhumiwa. Hao Waingereza kwao walishaacha kuwahukumu watu kwa uchawi tangu 1735. Hapo ndipo ninapoelewa raha ya tamthilia yao. Wamekaa karne mbili, tatu, hawajamwogopa bibi wa jirani. Wana nafasi ya kumpamba, wampe nywele za asali na shahada ya uzamivu. Hata katika kitabu cha Harkness wazazi wa Diana wanauawa akiwa na miaka saba, na mahali palipochaguliwa wafie ni Nigeria. Baadaye inajulikana kwamba wauaji ni wachawi wenzao, sawa; lakini aliyetunga alijua msomaji wake ataamini upesi kwamba mchawi akienda Afrika atakufa. Nilitaka kukasirika. Nikakumbuka macho ya bibi, na nikakumbuka huu mji wakati bado uko mkoa wa Mbeya, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, miili ilipokutwa imechunwa ngozi na kila mtu akisema ngozi zinavushwa hapa hapa mpakani. Hasira ikakosa pa kusimama.

Umeme ulikatika msimu wa kwanza ukiwa haujaisha, Diana na Matthew wako mashakani. Sehemu iliyobaki ya kichwa changu ilimaliziwa kwa mwanga wa mlangoni na tochi ya simu. Msusi akanipa kile kioo kidogo cha mkononi ili nigeuze mgongo kwa kioo kikubwa nione nyuma palivyo.

Bibi akaangalia pembeni.

Nikamwuliza, bibi, kioo kina nini? Akasema mama yake alipitishwa kwenye kioo. Upande wa Nakonde, zamani, alipokuwa kigori. Walikuja vijana wamevaa suruali na kofia za kizungu, watu wakapangwa mstari, wakapitishwa mmoja mmoja nyuma ya kijana aliyeshika kioo kidogo, naye akitazama humo anasema nani ni mchawi. Niliduwaa, kwa sababu hilo nimelisoma. Ni mchape. Walitokea Nyasaland mwanzoni mwa miaka ya 1930, wakaenea nchi zote hizi, na Mwingereza Audrey Richards aliyekuwa akiishi na Wabemba aliwaandika 1935: kioo, mstari, na dawa nyekundu ya kunywa, ukirudia uchawi utavimba ufe. Na nikawaza, msikilizaji, kwamba Dracula wa Bram Stoker, kitabu cha 1897, hujulikana kwa kuwa kwenye kioo haonekani. Huko kioo kinamkosa mnyonya damu. Huku kinampata mama wa mtu.

"Mama alionekana?" nikauliza.

"Alipita salama. Aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyeshikwa."

Hakusema zaidi, nami sikuuliza.

Nikalipa. Mama wa Tanga alikuwa ameshaosha, anajifunga ushungi, akisema Jumamosi ijayo lazima aje, hawezi kuliacha jini lake njiapanda. Bibi akamwagiza binti asithubutu kutazama kinachofuata bila yeye. Na hapo nikaona kitu ambacho nimekiona saluni zote nilizowahi kusuka, nisikitilie maanani. Kila anayeinuka kitini anapewa bahasha ya kaki. Anainama, anaokota nywele zake sakafuni, zile zilizotoka kwenye kitana, anatazama kama hakuna uliobaki chini ya kiti, anazifunga, anaondoka nazo. Hakuna anayeuliza za nini. Mama wa Tanga aliokota. Muuza vitenge aliyecheka kuliko wote aliokota, akarudi kutoka mlangoni kuokota mmoja aliouona.

Nilikuwa wa mwisho. Binti alinishikia tochi ya simu, nikapiga magoti.